Sahihi Yako ni Muhuri



Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, Yezebeli hakutuma jeshi kulitwaa shamba la Nabothi. Aliandika nyaraka kwa jina la mfalme, akazitia muhuri, na wazee wa mji wakatenda kama walivyoandikiwa. Mashahidi wakaitwa, hukumu ikatolewa, Nabothi akapigwa mawe. Kwa nje, yote yalionekana ya kisheria.

Taifa letu limewahi kuonja dhuluma ya namna hiyo. Mnamo Juni 1982, Migori na Homa Bay zikiwa bado wilaya moja ya South Nyanza, Bunge liliingiza kifungu cha 2A katika Katiba, na KANU ikawa chama pekee halali. Wakati huo asilimia 65 ya wabunge ilitosha kubadili Katiba. Mwananchi hakuulizwa. Kifungu hicho kilifutwa Desemba 1991, baada ya wengi kuwekwa kizuizini.

Ndipo tukadai kuwa na neno la mwisho. Wajumbe kutoka kila wilaya walikutana Bomas mwaka 2003 na 2004. Machi 2004, katika kesi ya Mchungaji Timothy Njoya, Mahakama Kuu iliamua kwamba Bunge peke yake haliwezi kuwapa Wakenya Katiba mpya; sharti wananchi waipigie kura. Novemba 21, 2005 taifa likaikataa rasimu. Agosti 4, 2010 likaikubali Katiba tuliyo nayo.

Katiba hii imetukabidhi ufunguo. Kwa Kifungu cha 257, raia waweza kuanzisha mabadiliko kwa sahihi za wapiga kura 1,000,000. Mswada hupelekwa kwa mabunge ya kaunti, yenye miezi 3 ya kuujadili. Ukikubaliwa na kaunti 24 kati ya 47, huenda Bungeni. Ukigusa haki za kimsingi, muhula wa Rais au msingi wa ugatuzi, lazima uamuliwe kwa kura ya maamuzi.

Lakini ufunguo mkononi mwa aliyelala humfaa mwizi. Mapema mwaka 2021 kaunti zaidi ya 40, Homa Bay na Migori zikiwamo, ziliupitisha mswada wa BBI. Majuma hayo hayo wawakilishi wa wadi walikuwa wameahidiwa ruzuku ya magari ya shilingi milioni 2 kila mmoja. Sidai kwamba ruzuku hiyo ilinunua kura. Nauliza tu: ni wangapi kati yetu tulikuwa tumeusoma mswada? Wengi wetu huku tuliupenda kwa sababu ya waliouleta, na hilo ndilo linalonitia hofu. Machi 31, 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Rais hawezi kuanzisha mabadiliko kwa njia hiyo, kwani ni njia ya raia wa kawaida. Safari hiyo majaji walikesha kwa niaba yetu. Safari nyingine huenda wasipate sababu.

Basi, karatasi ya sahihi ikiletwa tena, iwe Rongo au Mbita, ulizeni kwanza mswada wenyewe uko wapi, kwa Kiswahili, Kijaluo au Kikuria. Makanisa yausome kifungu kwa kifungu. Wanaharakati waketi katika bunge la kaunti, waandike jina la kila aliyesema ndiyo, na sababu aliyoitoa.

Nabothi alikataa kuuza urithi wa baba zake. Nasi tusiutoe wetu kwa sahihi ya karatasi tusiyoisoma.