Homa Iliyopanda Milima

Aghalabu mtu wa pwani afikaye Iringa au Mbeya usiku wa mwezi wa Julai, akajifunika mablanketi mawili na bado akatetemeka, hudhani kuwa malaria ameiacha nyuma yake, na wenyeji hawana sababu kubwa ya kumkosoa. Kwani kimelea hakikui ndani ya mbu ila kwa joto, na kile ambacho katika digrii 25 hukomaa kwa siku 12 hivi, katika digrii 20 huhitaji siku kama 28, na chini ya digrii 16 hakikui kabisa, hata mbu mwenyewe hufa kabla mgeni wake hajawa tayari kumdhuru mwanadamu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta kuwa watoto wadogo wenye vimelea katika Mkoa wa Iringa hawafiki mmoja kwa mia, ilhali wastani wa nchi ulizidi saba.

Makala hii inadai kwamba uhaba huo ndio unaozifanya Nyanda za Juu Kusini zistahili kuwa makao ya umri mzima wa mtafiti wa vimelea, wala si kituo cha kupita. Mtu wa milimani hana kinga aliyojengewa na homa za utotoni, na mkubwa kwa mdogo huweza kuzidiwa na ugonjwa ambao mwenyeji wa bondeni angeuvumilia akiwa shambani.

Mwezi wa Mei nilikaa kando ya dada wa maabara katika zahanati moja kati ya Mafinga na Makambako. Alitandaza tone la damu ya kijana mmoja juu ya kioo, akalingoja likauke, akalitia rangi ya Giemsa, akainamia hadubini kwa muda mrefu hata nikaona haya kuvuta pumzi kwa sauti. Aliniambia baadaye kuwa tangu Krismasi hakuwa amekiona kimelea hata kimoja, na kwamba jicho lisilokutana na kitu husahau sura yake. Siku ile alikiona: pete nyembamba yenye nukta nyekundu. Hakuandika jibu kwanza, bali alimgeukia kijana.

"Mdogo wangu, majuma mawili yaliyopita ulilala wapi?"

"Kyela, dada. Kwa mjomba, kwenye mavuno ya mpunga."

Swali lile, naamini, lina ilimu nyingi ndani yake. Kutoka Kyela, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, hadi Mbeya kupitia Tukuyu ni safari ya saa chache, na mtafiti akaaye Mbeya anayo ngazi nzima ya joto na baridi mlangoni pake, pamoja na barabara kuu na reli ya TAZARA zipitishazo damu za watu wa kila upande. Klorokwini tuliiacha mwaka 2001, dawa iliyoifuata haikudumu, na tangu mwishoni mwa 2006 tumeitegemea dawa ya mseto. Sasa huko Kagera vimeonekana vimelea vyenye badiliko la jeni linaloidhoofisha artemisinini, nguzo ya mseto huo. Usugu huo ukija huku utakuja kama abiria, na hauna budi kukutana na jicho lililozoea.

Jicho la namna hiyo halipatikani kwa mradi wa miaka mitatu. Profesa Wenceslaus Kilama, akiwa mwanafunzi wa George Craig katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, alionyesha mwaka 1969 kwamba uwezo wa mbu aina ya Aedes kukipokea au kukikataa kimelea cha malaria ya kuku hurithiwa kwa jeni moja. Wengine wangeridhika na sifa hiyo. Yeye alirejea nyumbani, akawa Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na baadaye akauongoza mtandao wa AMANET uliowaandaa Waafrika kuzijaribu chanjo kwa mikono yao. Kituo cha NIMR cha Mbeya kimejipatia heshima kwa kifua kikuu na UKIMWI, na ni haki yake. Twaomba pawepo na meza ya malaria isiyoondolewa kila takwimu zinaposhuka.

Kioo cha kijana yule dada alikifunga katika karatasi, akaandika juu yake tarehe na neno Kyela, akakiweka katika kisanduku cha mbao chenye nafasi nyingi tupu, kisha akaniuliza ampelekee nani.