Miaka 60 ya sayansi Mlimani

Mwaka 2025 sayansi ilitimiza miaka 60 pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitivo cha Sayansi kilianzishwa mwaka 1965, miaka minne baada ya chuo kuanza na somo la sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na mwaka mmoja baada ya kuhamia kilimani. Kitivo hicho leo ni ndaki na idara nyingi, lakini wajibu wake ni uleule. Kwa niaba ya wasomaji wetu tunawapa mkono wa pongezi wote waliofundisha, waliosoma, na mafundi walioziweka maabara zikiwa safi katika miongo hii sita.

Leo tunaizungumzia baiolojia. Nchi yenye Serengeti, Udzungwa, Mafia na Ziwa Tanganyika haiwezi kulifanya somo hili kuwa pambo la mtaala.

Kitivo kilipoanza, sehemu kubwa ya ujuzi wa mimea yetu ilikuwa ng'ambo. Kazi kuu ya kuiorodhesha mimea ya Afrika Mashariki iliongozwa kutoka Kew, London; sehemu yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1952, na haikukamilika hadi mwaka 2012, ikiwa imefikisha aina zaidi ya 12,000. Mtu aliyechuma jani Usambara na kutaka kulijua kwa jina la kisayansi, mara nyingi alingoja jibu kutoka Nairobi au London. Idara ya Botania ya Mlimani ilijenga hebaria yake hapahapa Dar es Salaam. Humo mmea hukandamizwa katikati ya magazeti, hukaushwa, hubandikwa kwenye karatasi ngumu, kisha huandikwa mahali ulipochumwa, tarehe, na jina la aliyeuchuma. Ni kazi ya kimya na ya subira. Msitu ukishafyekwa, karatasi ile ndiyo shahidi aliyebaki.

Safari haikuwa tambarare. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni ziliadimika nchini, na kemikali, vipuri vya hadubini na majarida ya kitaaluma vyote hununuliwa kwa fedha hizo. Mwaka 1990 chuo kizima kilifungwa kwa miezi kadhaa. Idara zikabaki, walimu wakaendelea kupeleka wanafunzi uwandani kwa kile kilichokuwapo. Uvumilivu ule tunauhesabu kuwa sehemu ya mafanikio, si maelezo ya pembeni.

Anayeuliza baiolojia ya Mlimani imetufaa nini, aanzie Mto Kihansi. Katika korongo la mto huo, kwenye miteremko ya Udzungwa, maporomoko yalirusha manyunyu yasiyokoma juu ya eneo dogo la hekta chache. Mwaka 1996, mradi wa bwawa la umeme ukiwa unaendelea, palionekana hapo chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyefikia sentimita tatu, ambaye hatagi mayai bali huzaa vitoto vilivyokamilika. Hakuna mahali pengine duniani alipojulikana kuishi. Alielezwa rasmi kisayansi mwaka 1999, na miongoni mwa waliomweleza alikuwa Kim Howell, profesa wa zuolojia wa Mlimani.

Bwawa la megawati 180 lilipoanza kazi, maji mengi yaliacha njia yake ya kale na manyunyu yakakatika. Yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa hadi Marekani ili kizazi kisipotee. Kwa muda ilionekana kama korongo limepona, maana mwaka 2003 vyura walikadiriwa kufikia 20,000 hivi. Miezi michache baadaye walikuwa karibu wameisha, na kuvu linaloua vyura sehemu nyingi za dunia likakutwa pale. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini.

Walikuwapo walionung'unika: fedha zote hizi kwa ajili ya vyura, na nchi haina umeme wa kutosha? Swali lile lilikuwa la haki, na tunaamini jibu limepatikana. Mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa Tanzania, wakapokelewa katika kituo maalumu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako walilishwa wadudu, wakapimwa na kuzalishwa chini ya uangalizi wa Watanzania. Mwaka 2012 walianza kurudishwa korongoni.  Mitambo ya umeme ipo, na chura yupo mikononi mwa watu wanaomjua. Hayo mawili yamewezekana pamoja kwa sababu nchi ilikuwa na wanabaiolojia wake.

Upande wa pwani hesabu ni ya wazi zaidi. Katika miaka ya 1970 Profesa Keto Mshigeni, mtaalamu wa mimea wa Mlimani, alichunguza mwani wa mwambao wetu na kushikilia kwamba unaweza kulimwa. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza mashariki ya Unguja, katika vijiji kama Paje na Jambiani. Leo, wakati wa bamvua, maji yakishakupwa, akina mama hushuka na kamba na vigingi kufunga mbegu. Mwani huo huingia katika dawa ya meno na aiskrimu za nchi za mbali, na fedha yake imelipa ada za watoto wengi. Bahari inapopata joto, mwani wenye bei nzuri zaidi, kotonii, hufa katika maji ya kina kifupi. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo, iliyopo Zanzibar tangu mwaka 1978, imekuwa ikitafuta njia ya kuulima kwenye maji yenye kina zaidi, na jina la Dkt. Flower Msuya linatajwa kwa heshima katika juhudi hizo.

Kwa hiyo tuna la kudai. Serikali itenge fedha za kudumu za kazi za uwandani, kwa sababu mwanabaiolojia asiyetoka nje ya ukumbi wa mihadhara hajakamilika. Hebaria na makusanyo ya wanyama yapewe wahifadhi wa kutosha na yawekwe katika kompyuta, mwalimu wa sekondari Songea aweze kuyaona.

Chuo nacho kina deni. Watafiti wetu huandika kwa Kiingereza ili wenzao wa mataifa mengine wawasome, na hilo halina ubaya. Lakini mkulima wa mwani, mvuvi wa Kilwa na bwana nyuki wa Sikonge nao ni wasomaji wa utafiti huo, na wana haki ya kuupata. Tunaiomba Mlimani ianze na mwani: matokeo ya utafiti yaandikwe kwa Kiswahili, yachapwe, na yafikishwe Paje kabla ya msimu ujao wa kupanda.