BETRI KOONI NA SAFARI YA ZIWA

Mtoto mdogo huijua dunia kwa kinywa. Hayo ni maumbile, wala si utundu wa kuadhibiwa. Sarafu, kifungo, ushanga, mwiba wa mgebuka: mwambao wa Ziwa Tanganyika, tangu Ujiji hadi Kalya, umevizoea vyote, na umezoea pia tiba yake, yaani tonge la ugali au ndizi ya kusukumia. Tiba hiyo haikuwa ya busara hata zama za sarafu. Leo hatari imezidi, kwa kuwa rimoti, vitochi na vichezeo vya bei rahisi vimetuletea majumbani betri bapa, mviringo mithili ya sarafu.

Betri hiyo haihitaji kupasuka ili idhuru. Ikikwama kooni, umeme wake hupita katika ute na kuzalisha dawa kali kama ile ya kutengenezea sabuni, nayo huunguza nyama ya umio. Saa mbili zatosha kutia jeraha zito. Mzazi huona udenda, kikohozi au mtoto kukataa chakula, akadhani ni mafua. Picha ya eksirei ndiyo ifumbuayo: betri huonyesha pete mbili, moja ndani ya nyingine, ambapo sarafu haionyeshi. Asali, ambayo mkoa huu hauikosi, hupunguza kuungua: vijiko viwili vya chai kila dakika 10, visizidi mara 6, kwa mtoto aliyetimiza mwaka na awezaye kumeza. Lakini apewe akiwa njiani, si badala ya njia. Wala asitapishwe.

Na njia ndiyo shauri letu. Kutoka vijiji vya kusini mwa Uvinza hadi Hospitali ya Maweni, mgonjwa husubiri mashua, na mashua husubiri mafuta na utulivu wa ziwa. Wasomaji wetu wa visiwani hawahitaji kufafanuliwa hilo. Serikali imefanya kazi ya kusifiwa kwa mpango wa m-mama, ambao kwa simu 115 humpatia usafiri wa dharura mama mjamzito, mzazi na mtoto mchanga. Mtoto wa miaka miwili mwenye betri kooni hamo katika hesabu hiyo, ingawa saa zake ni chache kuliko za wagonjwa wengi. Tunaiomba Wizara ya Afya na uongozi wa Mkoa wamfungulie naye simu hiyo. Na wakati huo huo zahanati zote za mwambao zipewe agizo moja, kwamba mtoto anayeshukiwa kumeza betri asiwekwe kusubiri haja kubwa, bali aandikiwe rufaa saa ile ile.