RADA NA UPEPO: KIPIMO KIWEKWE KABLA YA KAZI KUANZA

Ndugu Wafanyi Kazi,

Jumapili jioni wengi wetu hukaa na watoto pale Mama Ngina, chini ya mibuyu, tukila mihogo na kutazama meli zikiingia Kilindini. Kusi likivuma, kofia haikai kichwani. Mara hupita manowari ya jeshi letu la maji ikirudi Mtongwe. Basi mahali pamoja mtu huona mambo mawili ambayo wanachama wametutaka tuyaandikie: upepo na jeshi.

Swali lenyewe ni hili. Je, ni haki serikali kuzuia mashine za umeme wa upepo zisijengwe karibu na kambi za askari na rada? Wengine husema hiyo ni hila ya wakubwa ya kuwanyima watu kazi. Wengine husema usalama kwanza, na mfanyi kazi afunge mdomo. Sisi hatukubali lolote kati ya hayo mawili.

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Rada hutuma mawimbi ya redio. Yakigonga kitu hurudi, na kwa muda wa kurudi kwake rada hujua kitu kile kiko wapi. Mlima au nyumba haisogei, kwa hivyo rada huweza kuiacha. Lakini bawa la mashine ya upepo lazunguka mchana na usiku, na rada huweza kulidhania ndege inayokwenda. Mashine nyingi zikisimama pamoja, kioo cha mlinzi hujaa madoa, na ndege ya kweli yaweza kupotea katikati yake. Tena nyuma ya mashine hutokea kivuli, ambamo rada haioni vizuri.

Sisi watu wa reli hatuhitaji kufundishwa sana hapo. Dereva wa gari la moshi asipoiona signali, roho za watu zimo hatarini. Mwembe ukikua mbele ya signali tunaukata, hata kama maembe yake ni matamu. Lakini anayepanda mwembe apaswa kuambiwa mapema mpaka wa reli uko wapi. Kumwacha apande, apalilie miaka kumi, ndipo uje na shoka, huo si ulinzi. Huo ni uonevu.

Tazameni nchi nyingine. Huko Marekani, jimbo la Oregon, mwaka 2010 shamba la upepo liitwalo Shepherds Flat, la mashine 338, lilisimamishwa wakati kazi ilipokuwa tayari kuanza, kwa sababu jeshi la anga lilihofia rada yake. Baadaye pingamizi liliondolewa na kazi ikaendelea. Wakubwa walijifunza: sheria ya mwaka 2011 ikaunda ofisi moja katika wizara ya ulinzi ya kupokea maombi ya namna hiyo na kuyajibu mapema. Huko Sweden, Novemba 2024, serikali ilikataa mashamba 13 ya upepo katika bahari ya Baltiki. Waziri wao wa ulinzi alieleza kwamba mashine zingepunguza muda wa kuona kombora linalokuja, kutoka dakika mbili hadi dakika moja. Dakika moja ni kitu kidogo kwa mtu aliye sebuleni, lakini kwa aliye chini ya kombora ni maisha.

Sasa turudi kwetu. Mashine za upepo si jambo geni Kenya. Ngong ziko tangu 1993. Kule Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, zimesimama 365 za megawati 310, kila moja ina duara la mabawa lenye upana wa meta 52. Na huku pwani, kaunti ya Lamu, mpango wa megawati 90 umesemwa kwa miaka mingi huko Baharini, Mpeketoni, ukaingia katika magombano ya ardhi. Kaunti hiyo hiyo ina kambi ya Manda Bay, iliyoshambuliwa na Al-Shabaab tarehe 5 Januari 2020. Wamarekani watatu walikufa siku ile. Mmoja alikuwa askari. Wawili walikuwa watu wa kandarasi. Basi asituambie mtu kwamba usalama wa kambi haumhusu mfanyi kazi. Risasi haiulizi nani askari na nani kibarua.

Hatusemi mashine za Baharini zingeifumba macho kambi yoyote. Hilo ni la wataalamu kupima. Tunasema lipimwe kwanza. Loiyangalani imetupa somo la kufanya mambo kinyumenyume: mashine zilikuwa tayari mwaka 2017, waya wa zaidi ya kilomita 400 ukaunganishwa Septemba 2018, na kwa kukawia huko serikali ikadaiwa mabilioni ya shilingi. Ni sawa na kununua behewa kabla ya kutandika reli. Na deni kama hilo halilipwi na waziri. Hulipwa na sisi sote.

Dawa ya rada ipo. Mashine yaweza kusogezwa, au kuwekwa nyuma ya kilima. Rada nyingine yaweza kuongezwa ili kuziba pengo, au mabawa yasimamishwe kwa mapatano wakati wa hatari. Lakini kusogeza mashine iliyo kwenye karatasi ni kazi ya penseli. Kusogeza iliyokwisha kutiwa zege ni hasara, na hasara hiyo huanza kwa kibarua. Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa malipo ya kupunguzwa kazi ya siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Aliyechimba misingi miezi minane hana hata mwaka mmoja. Atarudi kwao na koleo lake tu.

Kwa hivyo twataka haya:

1. Kipimo cha umbali kutoka kambi na rada kichapishwe katika Gazeti la Serikali. Jeshi halilazimiki kutoa siri zake. Lichore tu mpaka ambao ndani yake mtu lazima aombe ruhusa kwanza.

2. Jibu la jeshi litolewe kwa maandishi, kwa muda uliowekwa, kabla ya ardhi kununuliwa na kabla ya mtu hata mmoja kuandikwa kazi.

3. Serikali ikisimamisha kazi iliyokwisha kupewa ruhusa, wafanyi kazi walipwe mishahara ya muda uliobaki katika mkataba, pamoja na nauli ya kurudi makwao.

4. Neno usalama lisitumiwe kumnyang'anya mwananchi shamba. Katiba ya 2010, kifungu cha 40, yaagiza fidia ya haki, kamili na bila kuchelewa. Kifungu cha 35 chatupa haki ya kujua.

Ndugu, askari wa Mtongwe ni watoto wetu, na kibarua wa Baharini ni ndugu yetu. Hatutaki kumchagua mmoja na kumtupa mwingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo hujengwa kwa jasho la maskini. Katika mkutano wa tawi utakaofuata, kila mwanachama aje na neno lake juu ya madai haya manne, ili tuyapeleke kwa wajumbe wetu tukiwa sauti moja.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI