Una kisukari? Pima kabla ya kung'oa jino

WAHENGA walisema dawa ya jino ni kung'oa. Lakini kwa mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake haijadhibitiwa, jino laweza kutoka na maumivu yakabaki, tena yakazidi.

Tuchukue mfano wa mzee anayeishi kando ya Mto Tana, karibu na Garsen. Gego limemsumbua wiki nzima. Analing'oa na kurudi nyumbani na vidonge vya maumivu. Siku ya nne shavu limefura, mdomo haufunguki vizuri, na penye jino panatoka usaha wenye harufu mbaya. Wanawe walioko Mombasa na Nairobi wanaambiwa kwa simu kuwa ni uvimbe tu. Kumbe ugonjwa umeingia katika mfupa wa taya.

Kwa nini? Jino likitoka, damu huganda tunduni na kuufunika mfupa, na hapo nyama mpya huota. Sukari ikizidi mwilini kwa muda mrefu, chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, hulegea. Mishipa midogo ya damu nayo huharibika, na kidonda hukosa lishe. Vijidudu vya kinywani hupata nafasi. Maambukizi hayo nayo huipandisha sukari zaidi, ikawa ni moto kumwagiwa mafuta.

Hatari kubwa ni uvimbe kushuka chini ya ulimi na shingoni. Daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliieleza hali hiyo mwaka 1836. Huziba njia ya hewa na huua haraka.

Kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na mto ukifurika, kama ilivyokuwa mwaka 1997 na 2023, safari huwa taabu. Heri kuzuia mapema. Zingatia haya:

1. Mwambie daktari wa meno kuwa una kisukari, hata asipouliza, na umwonyeshe dawa zako.

2. Pima sukari kwanza. Ikiwa juu mno, huenda akaahirisha hadi ishuke. Lakini jino lenye usaha halingoji: litibiwe hospitalini pamoja na sukari.

3. Usiache chakula wala dawa bila kuagizwa. Anayejidunga insulini kisha asile, sukari yaweza kushuka ghafla.

4. Siku ya kwanza usisukutue, usivute sigara, usitafune miraa wala tambuu. Kuanzia siku ya pili, sukutua polepole kwa maji vuguvugu ya chumvi.

5. Ukipewa dawa za kuua vijidudu, zimalize zote.

Rudi hospitalini upesi ukiona maumivu yanazidi baada ya siku ya tatu, homa, usaha, au mdomo wa chini kufa ganzi. Ukishindwa kumeza au kupumua vizuri, usingoje kupambazuke. Wala usikubali uvimbe utumbuliwe nyumbani.

Wewe uliye mjini, mpigie mzee simu leo. Baada ya shikamoo, kabla hamjafika kwenye habari za mvua na maembe, muulize: "Baba, mara ya mwisho ulipima sukari lini?"