Mwambieni Anunue Daftari

Kwa wazazi wenzangu wa Muheza, na kwako Shangazi uliyenionya nisishindane na serikali ya watu,

Nawaandikia kutoka Uingereza. Mwanangu hajambo, ameanza kusema "chai". Mnaomjua mnaelewa kwamba kwetu neno hilo moja ni sherehe.

Huku mtoto mwenye usonji kama yeye huweza kuandaliwa hati iitwayo Mpango wa Elimu, Afya na Matunzo. Kwa sheria ya 2014, halmashauri ina wiki 20 tangu iombwe hadi kuutoa. Wetu ulichukua zaidi ya mwaka. Ulipotoka ulisema apate mtaalamu wa matamshi kila wiki; muhula mzima ukapita bila mtaalamu kutokea. Nikipiga simu: "Tunalishughulikia." Hata nyie mnalijua jibu hilo.

Jirani yangu Msomali ndiye aliyenifungua macho. Lalamika kwanza kwa halmashauri yenyewe, akasema, wakikujibu ovyo nenda kwa Ombudsman wa serikali za mitaa, mchunguzi huru wa malalamiko ya wananchi. Ni bure, wakili hahitajiki, ila usipitishe miezi 12 tangu ulipolijua tatizo. Nilikuwa na daftari la shule, la mistari, nililoandika kila simu: tarehe, saa, nani kasema nini. Lilinitetea kuliko machozi yangu yote.

Lalamiko langu likafika kwa Ombudsman, likathibitika. Akapendekeza halmashauri iniombe radhi kwa maandishi, mtoto apewe huduma yake, nami nilipwe fidia. Najua Shangazi utauliza kiasi: mwongozo wao unataja paundi 900 hadi 2,400 kwa kila muhula wa masomo uliopotea. Sikutajirika.

Nilichokisoma mara tatu ni aya ya mwisho ya uamuzi wake. Halmashauri ikague majalada ya watoto wengine ione nani naye kakosa huduma, iwafundishe upya maofisa wake, iweke utaratibu wa kuhakikisha huduma imeanza kweli mpango ukishatoka, kisha imtumie Ombudsman ushahidi. Ushahidi, si ahadi. Mapendekezo hayo si amri ya mahakama, lakini karibu halmashauri zote huyatekeleza. Inayokaidi huweza kuandikiwa ripoti ya hadharani, na sheria inaitaka iitangaze yenyewe magazetini. Nani anapenda kulipia tangazo la aibu yake?

Miezi michache baadaye, mama mmoja getini shuleni alinisimulia kwa mshangao kwamba halmashauri imempigia simu: mwanawe alisahauliwa, mtaalamu anakuja Jumanne. Hakuwahi kulalamika popote. Nilinyamaza, nikacheka moyoni.

Msidhani huku ni peponi. Mipango bado inachelewa, na wapo wazazi wanaochoka njiani.

Na msiniambie haya ni mambo ya Wazungu. Tanzania ilianzisha Tume ya Kudumu ya Uchunguzi mwaka 1966 kusikiliza wananchi walioonewa na watumishi wa umma. Uingereza ilipata ofisi ya namna hiyo 1967, na ya kuzichunguza halmashauri ikaja 1974. Tuliwatangulia! Leo kazi hiyo iko kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Shangazi, yule mtoto asiyesikia wa nyumba ya pili, aliyerudishwa nyumbani siku ya kuandikishwa darasa la kwanza: mwambie mama yake anunue daftari. Aanze na tarehe ya siku ile.