Afya ya Nyumba Zetu: Shibe Hutoka Wapi?

Watu wengi hudhani ya kuwa shibe ni kujaa tumbo tu, kama mtungi unavyojazwa maji. Dhana hiyo ina ukweli wake, lakini si ukweli wote. Lau ingekuwa hivyo, mwenye njaa angelikunywa maji matupu akashiba mpaka asubuhi. Mwenye kukata shauri ya kuwa mtu ameshiba ni ubongo. Nao ubongo hauko tumboni. Hungoja uletewe khabari, na mmoja katika wajumbe wa khabari hiyo hutoka katika kongosho.

Kongosho ni kiungo kilicholala nyuma ya tumbo la chakula, wala urefu wake haufiki shibiri. Mwaka 1869 kijana wa Kijerumani aliyekuwa akisomea utabibu, Paul Langerhans, aliona ndani yake mafungu madogo ya chembe, mfano wa visiwa baharini. Mwaka 1921, huko Toronto katika nchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifaulu kuitoa insulini katika kongosho za wanyama. Na Januari 1922 akadungwa sindano yake Leonard Thompson, mtoto wa miaka 14 aliyekuwa taabani kwa kisukari, akapata nafuu.

Tangu hapo insulini ikajulikana dunia nzima. Lakini chembe zile zile zitoazo insulini hutoa pamoja nayo homoni ya pili, na hii ilikaa miaka mingi bila ya kutambuliwa. Mwaka 1987 ndipo wataalamu wa Oxford, Uingereza, na wa Uppsala, Sweden, walipoipambanua. Jina lake ni amilini.

Mtu anapokula, amilini huingia katika damu kwa muda wa dakika chache, nayo ina kazi tatu. Kwanza, hulifanya tumbo lisitoe chakula kwa haraka kwenda matumboni, ili sukari isiingie damuni kwa mafuriko. Pili, huizuia homoni nyingine ya kongosho, iitwayo glukagoni, isiliamrishe ini kutoa sukari zaidi wakati chakula kingali kinaingia. Tatu, huuarifu ubongo ya kuwa chakula kimefika, na mlaji aanze kuinua mkono.

Na hapa pana ajabu. Mishipa ya damu ya ubongo ina ukuta imara usiopitisha ovyo kila kilichomo damuni. Lakini chini kabisa, katika shina la ubongo karibu na shingo, pana mahali padogo ambapo ukuta huo ni mwepesi, mfano wa dirisha. Amilini hupokelewa hapo. Wataalamu walipoiharibu sehemu hiyo katika bongo za panya, kisha wakawadunga amilini, panya wale waliendelea kula kana kwamba hawakudungwa kitu. Mjumbe alikuja, lakini hapakuwa na wa kumpokea.

Sasa tumtazame mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza, ambacho huwapata sana watoto na vijana. Chembe zile za kongosho zimeangamizwa na kinga ya mwili wake mwenyewe. Kwa hiyo amekosa insulini na amilini pamoja. Insulini hudungwa kila siku, na bila yake hapana uhai. Ama amilini, sindano ile hairudishi. Mwaka 2005 Marekani iliruhusu dawa iliyotengenezwa kwa mfano wa amilini, iitwayo pramlintaidi. Ilibidi wabadili sehemu tatu katika viungo vyake 37, kwa sababu amilini ya binadamu hugandamana upesi. Ile ya panya haigandamani, na kwayo walijifunza.

Kwa hivyo, kijana wa namna hii akisema, "Mama, bado sijashiba," yatupasa kufikiri kabla ya kumwita mlafi mbele ya wenziwe. Huenda mmoja wa wajumbe wake wa shibe hayupo. Wahenga walisema: mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Tena iko njaa nyingine inayotaka hadhari kubwa. Mwenye kutumia insulini akishikwa ghafula na njaa kali, huku akitetemeka na kutokwa na jasho, huenda sukari imeshuka mno katika damu yake. Huyo hapewi mawaidha. Apewe mara moja maji ya sukari au sharubati tamu, kisha chakula. Akiwa amezimia, asitiwe kitu kinywani, akimbizwe hospitali. Na anayeona kiu na njaa zisizokwisha huku mwili ukikonda, apelekwe apimwe sukari bila ya kukawia.

Nasi tulio wazima tuna funzo letu. Mjumbe hawezi kufika kabla ya chakula anachokitolea khabari. Anayemaliza sahani kwa pupa, khasa wakati wa futari, huwa amekwisha kula kupita haja yake kabla ubongo haujaarifiwa. Tule kidogo kidogo, tutafune vizuri, tuzungumze na watoto; na kabla ya kupakua mara ya pili tungoje kidogo. Pengine jibu liko njiani.